Haki ya Mja

4 Oktoba 1965

Mvua bado. Miche ya mpunga imefika magotini, inangoja kuhamishwa tu, na mashamba yamepasuka kama visigino vyangu. Marehemu baba alinizoesha kuandika habari za mvua kila mwaka, tangu tone la kwanza hadi mavuno, kwa lugha yetu na herufi za Kiarabu. Basi naandika. Redio inasema majenerali wameuawa Jakarta. Kiai, yaani shehe wa kijiji na mume wangu, kasema tusome Yasini na wanafunzi wa chuo chake cha dini. Tumesoma.

7 Oktoba, Alhamisi

Mwalimu Darmaji wa shule ya serikali kaja baada ya Alasiri, kama kila Alhamisi, kuvuta sigara zake za karafuu barazani kwetu na kubishana na Kiai. Mimi huwapelekea kahawa na muhogo wa kukaanga, nikarudi jikoni nikawasikiliza kupitia ukuta wa mianzi. Sijawahi kuelewa mume wangu anapata nini kwa mtu yule. Haswali. Ramadhani anakula mchana, ingawa hufunga mlango kwanza, "kwa heshima yenu," anasema. Mkewe Sulastri anawafundisha wasichana kucheza ngoma mabega wazi.

"Kiai," nimemsikia akisema, "Mungu wako akiniuliza kwa nini sikuswali, nitamwambia nilikuwa nawafundisha watoto wake kusoma."

"Atakwambia ungeweza kufanya yote mawili, mvivu wewe."

Wakacheka mpaka Mwalimu akapaliwa na moshi.

"Lakini kweli," akaendelea, "mimi sihitaji kutishwa kwa moto ndipo nisimpige mtoto wa mtu."

"Wala mimi sihitaji moto. Nahitaji wa kumwonea haya hata nikiwa peke yangu chumbani."

"Mimi namwonea haya huyo mtoto."

Kiai akaweka kikombe chini. "Hilo nalo si dogo," akasema.

Nikakasirika. Mtu hata msikitini hakanyagi, na anajibiwa kwa upole hivyo! Wanafunzi wakisikia je?

Jakarta hawakuitaja hata mara moja.

10 Oktoba

Mvua bado. Kuku wanakufa.

13 Oktoba

Mdogo wangu Basuni kaja, yeye na vijana wake, wote nguo nyeusi na vitambaa vichwani. Mama yetu alikufa Basuni bado ananyonya. Mimi ndiye niliyemtafunia ndizi na kumtia mdomoni. Sikujaliwa mtoto, kwa hiyo hata leo, yu mtu mzima, mfanyabiashara wa tumbaku mwenye hija yake, nikimwona tu najikuta natafuta kitu cha kumlisha. Leo hakula.

"Dada, wamechimba shimo," akasema. "Watu wa Chama cha Kikomunisti. Nyuma ya shule ya Darmaji. La kumzika Kiai na wote waswalio kijiji hiki."

Nikaenda kuangalia, mimi na Mbok Rukmi muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, ambaye habari yoyote akiikosa hapati usingizi mzuri. Shimo lipo. Kando yake kuna matofali, mlango wa bati na mkokoteni wa mchanga.

"Ni choo," Mbok Rukmi akasema. "Cha watoto wa shule. Mjukuu wangu kaleta tofali moja moja wiki nzima."

Nilipomwambia Basuni alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Choo, Dada? Wewe unaona choo."

Niandike na hili, kwa sababu sote tunalijua na hakuna anayelisema. Mwaka jana Mwalimu alisimama na wakulima wapangaji wakidai sehemu yao ya mavuno kama sheria ilivyosema. Mashamba yalikuwa ya Basuni na wenzake.

15 Oktoba

Imenyesha. Alfajiri, kubwa, ya upepo. Wanafunzi wamekimbia uani kuoga, wakipiga kelele. Kwa saa moja nilisahau kila kitu.

21 Oktoba, Alhamisi

Shule ya serikali imefungwa. Mwalimu hakuja. Kiai aliketi barazani mpaka Magharibi na vikombe viwili mbele yake.

24 Oktoba

Tumepanda. Mgongo unaniuma.

Basuni kaja tena, sasa kwa adabu nyingi, kavaa kanzu safi. Anataka Kiai atoe hukumu kwamba damu ya watu wa Chama ni halali. Kasema maulamaa wengine mjini wameshatoa, mume wangu peke yake ndiye anayesuasua.

"Shemeji," Kiai akamwambia, "mimi nawafundisha vijana kwamba dhambi ni za namna mbili. Kuna haki ya Mungu. Ukikosa swala, ukala mchana wa Ramadhani, hiyo ni baina yako na Yeye, na Yeye ni mwingi wa kusamehe. Na kuna haki ya mja. Ukimdhulumu mtu, Mungu mwenyewe hakusamehi mpaka yule mtu akusamehe kwanza. Ukimuua, utamwomba radhi wapi?"

"Wale hawana Mungu. Watakuwaje na haki mbele yake?"

"Sikusema haki ya Mwislamu. Nimesema ya mja. Waja wote ni wake, wanaomjua na wasiomjua."

"Darmaji ndiye aliyekufundisha hayo."

"Mimi nimeyasoma kwenye vitabu vya babu yangu. Darmaji kayafikia kwa njia yake ya mguu. Tumekutana tu."

Basuni kasimama bila kumaliza chai. Mlangoni kanibusu mkono kama desturi, kanong'ona: "Mzuie asiseme hayo hadharani, Dada. Mimi siwezi kumlinda kila siku."

Nilijivunia mume wangu leo. Na nilihisi baridi.

29 Oktoba

Malori yamepita barabara ya mjini baada ya Isha. Mengi. Asubuhi kila mtu anasema hakusikia kitu.

1 Novemba

Wanawake wamerudi kutoka mtoni na nguo zisizofuliwa. Hakuna aliyetaka kusema. Mbok Rukmi, yeye wa kusema kila kitu, kapita na ndoo kavu kichwani asinisalimu.

Nikaenda mwenyewe. Mto wetu, Brantas, umejaa, maji rangi ya kahawa ya maziwa. Kwenye miguu ya daraja kuna watu wamenasa. Wanaume wawili na mwingine sikuweza kujua. Vijana wa Basuni walikuwa juu darajani na mianzi mirefu, wanawasukuma ili maji yawachukue. Mmoja wao alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, kama mtu afanyavyo kazi yoyote.

3 Novemba

Mvua. Hakuna anayenunua samaki.

5 Novemba, Ijumaa

Nilijua leo Kiai atasema. Nilifika mapema, nikakaa mbele kabisa upande wa wanawake, karibu na pazia. Msikiti ulijaa. Basuni alikuwa safu ya kwanza.

Kiai kapanda mimbari akahutubia juu ya hukumu za kufupisha swala safarini. Umbali wa safari, kunuia safari, ukifika baada ya Adhuhuri. Hakuna mtu kijiji kizima anayethubutu kusafiri hata hadi sokoni! Hotuba yote safari.

Sikumpakulia chakula. Kajipakulia mwenyewe. Hakuniuliza kwa nini.

6 Novemba

Kwa miaka mingi mimi ndiye mwosha maiti wa kike hapa kijijini. Nimeosha wakwe, wazazi waliokufa na vichanga vyao, mama yangu mdogo. Sijawahi kuogopa maiti.

Leo asubuhi mwanamke alinasa kwenye mizizi nyuma ya shamba letu, mahali ambapo vijana wa darajani hawaoni. Nilimkuta nikienda kutazama maji ya mpunga. Sitaandika walimfanya nini. Nitaandika kwamba kucha zake zilikuwa na manjano ya bizari, kama zangu. Alikuwa anapika siku waliyomchukua, au jana yake.

Nilisimama naye muda mrefu. Nilitaka kuondoka. Nilishapiga hatua za kuondoka. Halafu nikafikiri: nikimwacha huyu, zile nyingine zote nilizoosha nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nawapendezesha jamaa zao?

Nikamwita Mbok Rukmi, kwa kuwa nyumba yake iko karibu, na kwa kuwa sikuweza kumtoa peke yangu. Nilidhani atakimbia akautangazie ulimwengu. Kakunja gauni, kaingia majini mpaka kiunoni. "Shika mabega," akasema. "Mimi nina mikono ya kukanda soya, nitashika pazito."

Tulimwosha kwenye banda la mpunga. Sanda sikuwa nayo ya kutosha, nikachukua kitambaa changu cha batiki cha harusi. Wanafunzi wawili wakubwa walituona, mmoja akaniuliza, kwa jina waniitalo kama mke wa Kiai, "Bi Nyai, huyu ni Mwislamu?"

Nyuma yake nikamwona Kiai. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alimtazama yule mwanamke, akanitazama mimi, kisha akamwambia mwanafunzi, "Nenda ukalete jembe." Akamswalia mwenyewe. Akachimba mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mtu huyo hajashika jembe tangu tuoane.

Jioni, bila kunitazama, kasema: "Jana niliogopa, Marfuah. Nilimwona shemeji kwenye safu ya kwanza, ulimi ukawa mzito."

"Najua," nikamwambia. Nikampakulia.

12 Novemba

Tumezika wengine. Makaburi yako nyuma ya migomba. Mbok Rukmi hajamwambia mtu yeyote. Nilimdharau mwanamke yule miaka yote kwa mdomo wake, na kumbe mdomo anao wa mambo madogo tu.

14 Novemba

Basuni anajua. Kasimama uani, hakuingia. "Mnaosha makafiri kwenye banda la mpunga tunaokula?"

"Mpunga wangu," nikamwambia. "Wewe siku hizi huli kwangu."

Kakonda. Macho yake hayatulii mahali pamoja. Kasema, kama anazungumza na jembe lililoegemea ukuta, "Dada, waache wapite. Wakipita, yanakwisha. Ukiwatoa majini wanakaa."

15 Novemba

Mwalimu na Sulastri wamekuja kujificha kwetu. Nyumba yao imechomwa. Nimewaweka kwenye chumba cha mpunga. Mvua mchana kutwa, namshukuru Mungu, inafuta nyayo.

17 Novemba

Sulastri kaniomba nimfundishe kuswali.

Nilimjibu kwa ukali. "Unajifunza kwa hofu."

"Ndiyo, Bi Nyai, kwa hofu. Wewe ulijifunza kwa nini?"

Nikakumbuka fimbo ya baba. Nikacheka, mara ya kwanza tangu mvua ianze. Tumeanza na Alhamdu. Ana sauti nzuri, matamshi mabaya. Mumewe alikuwa kajilaza juu ya magunia, anatusikiliza. "Ananishinda tayari," akasema. Si kwa kejeli.

Huyu Mwalimu, niandike ukweli, si niliyemdhania. Anafua nguo zake mwenyewe. Kila nikileta chakula anauliza kwanza kama wanafunzi wamekula. Jana kamfundisha mpishi wetu kuandika jina lake kwa vumbi la pumba.

20 Novemba

Mvua. Maji yamepanda mpaka shina la mgomba wa kwanza. Mbwa wa kijiji wote wamenyamaza, sijui wamekwenda wapi.

22 Novemba, Jumatatu

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Wamekuja baada ya Adhuhuri, wengi, na mapanga. Wengine walikuwa na madebe ya mafuta ya taa, wakayaweka chini kando ya mabweni ya wanafunzi, taratibu, kama wauza mafuta waliofika kupumzika. Wanafunzi walikuwa ndani.

Kiai alitoka barazani. Mimi nilisimama mlangoni, nyuma yake.

"Shemeji," Basuni akasema, "tunajua yumo."

"Yumo. Amekula kwangu na amelala kwangu."

"Mtoe."

"Simtoi. Nikimtoa mgeni wangu, kesho nitawafundisha nini hawa vijana? Nichome vitabu nilime tumbaku?"

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Kiai mwenyewe ni Chama!" Basuni akageuka akamnyamazisha. Alikuwa anatoka jasho kwenye mvua. "Nisikilize," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mdogo wangu. "Atoke hapa atamke shahada mbele ya watu wote. Basi. Nitawarudisha hawa. Nakuapia, Dada, nitawarudisha."

Naamini wakati ule alikuwa anasema kweli. Hata sasa naamini, na sijui kama ni upumbavu.

Kiai kaingia chumba cha mpunga, mimi nyuma yake. Mwalimu alikuwa amesimama, Sulastri kamshika shati.

"Umesikia?" Kiai akamwambia. "Itamke. Nitaitamka pamoja nawe, neno kwa neno." Machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwahi kuyaona, hata siku ya kumzika mama yake.

"Wewe ungependa niitamke hivyo, Kiai? Panga likiwa mlangoni?"

"Napenda uishi."

"Hujanijibu."

"Sipendi itamkwe hivyo," Kiai akasema. "Lakini napenda uishi zaidi."

Sulastri alikuwa anamtikisa. "Itamke, Mas, mume wangu! Ni maneno tu! Mimi nimejifunza, na wewe jifunze! Usinifanyie ushujaa hapa, nakusihi, sitaki ushujaa wako!"

"Lastri, mimi si shujaa, miguu yangu haina nguvu." Akaketi kweli, juu ya gunia. "Nilikuwa nafikiri niitamke. Haki ya Mungu nilikuwa nafikiri. Lakini wale waliopita mtoni nao nadhani waliulizwa. Nikijibu, nimekubali kwamba ni jambo la kumuuliza mtu ukiwa umeshika panga. Na Kiai atalazimika kuwa shahidi wangu. Siku zote ananiheshimu kwa sababu sijamdanganya."

"Nitaendelea kukuheshimu," Kiai akasema.

"Najua. Hilo ndilo baya."

Kisha akachungulia kwenye ufa wa ukuta wa mianzi. Alichungulia upande wa mabweni, kwenye yale madebe. Akasimama, akamshika Sulastri uso kwa mikono miwili, wakasema mambo yao ambayo si yangu kuyaandika.

Kiai alimzibia mlango kwa mwili wake. Ilibidi Mwalimu amsogeze pole pole, kama mtu anavyomsogeza mzee kwenye msongamano. Mlangoni akavaa mitalawanda ya Kiai ya kwendea kisimani, kwa makosa, na hakuna aliyemwambia. Kiai akamfuata, akamshika mkono, akawa anapiga kelele, "Huyu ana haki! Mtamjibu Mungu! Basuni, mtamjibu Mungu!" Vijana wakamwangusha kwenye tope. Kofia yake ikaanguka. Basuni akainama, akaiokota, akaifuta kwa kanzu yake, akamvisha Kiai kichwani vizuri, akaiweka sawa. Halafu akageuka akaenda nao.

Mlio wa mitalawanda ulisikika mpaka kwenye kona ya barabara.

23 Novemba

Sulastri na mimi tumeshinda mtoni. Hakupita.

24 Novemba

Hakupita.

25 Novemba

Hakupita. Alhamisi. Kiai hakutoka nje.

26 Novemba, Ijumaa

Sikutegemea kitu. Nilikaa nyuma na Sulastri, kajifunika shuka langu.

Kiai kapanda mimbari, kaegemea fimbo kwa mikono miwili. Hotuba ilikuwa fupi kuliko zote nilizozisikia. Kasema: "Siku moja mtasimamishwa, na mtakayesimamishwa naye si malaika. Ni jirani yenu. Mungu atamuuliza yeye kwanza." Akashuka akaswalisha.

Baada ya salamu akasimama tena. "Tunamswalia maiti asiyekuwepo," akasema. "Darmaji bin Sastrowijoyo, mwalimu wa watoto wenu. Mwenye kutaka, abaki."

Nikasikia matone kwenye vigae. Kisha miguu. Wanaondoka, safu baada ya safu, wanavaa viatu mlangoni. Nilichungulia kwenye pazia. Basuni alikuwa bado ameketi kichwa chini. Mtu akamgusa bega. Akasimama, akatoka.

Waliobaki walikuwa wanafunzi wa chuo, fundi wa matofali, na mzee mmoja kiziwi ambaye labda hakusikia. Na kwetu nyuma ya pazia, Mbok Rukmi, kajipenyeza katikati yangu na Sulastri, bado ananuka soya.

"Mume wangu angeudhika?" Sulastri akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Angebishana," nikamwambia. "Halafu angengoja tumalize."

2 Desemba

Wazazi wanawaondoa watoto wao chuoni. Wanakuja na mikokoteni, hawanitazami usoni.

6 Desemba

Kiai kaitwa ofisi ya jeshi wilayani. Nimemfungia nguo, sabuni na mswaki. Kanambia nisimsindikize.

9 Desemba

Karudi kwa miguu. Kakatazwa kuhutubu, hapa na popote. Sikio moja halisikii vizuri tena. Sikumuuliza. Kaomba uji.

24 Desemba

Ramadhani. Mpunga umechanua. Malori yamepungua, au tumezoea. Sulastri anafunga. Leo, siku ya kwanza, kazimia kisimani, kazinduka akasema, "Usimwambie Kiai." Siku hizi anaswali bila kunitazama midomo.

8 Januari 1966

Mvua tu.

23 Januari, Idi

Siku ya kuombana radhi. Tangu asubuhi watu wanapita nyumba kwa nyumba, wadogo wanapiga magoti mbele ya wakubwa, wanaweka paji la uso kwenye magoti yao, wanasema, nisamehe ya nje na ya moyoni. Kila mwaka nyumba yetu hujaa mpaka uani. Mwaka huu kaja fundi matofali na Mbok Rukmi. Keki za nazi zimebaki.

Baada ya Adhuhuri kaja Basuni. Peke yake, nguo nyeupe. Sikumtambua mara moja, alivyokwisha. Akapiga magoti hapo hapo mlangoni, akaja kwa magoti mpaka kwenye kiti changu, akalaza kichwa magotini pangu.

"Nisamehe, Dada, ya nje na ya moyoni."

Mkono wangu ulikwenda kichwani kwake wenyewe. Nikaurudisha.

"Uliyonikosea mimi nimeyasamehe," nikasema. "Hukula kwangu, ulinipandishia sauti, yamekwisha. Mengine si yangu, Basuni. Hata nikitaka sina uwezo."

Akabaki vile vile. Nilihisi machozi yakipenya saruni. "Si mimi niliyempiga," akasema. "Nilishika kamba tu. Nasikia mitalawanda, Dada. Nikila, nikihesabu tumbaku, nikiswali."

Sulastri alikuwa jikoni. Ukuta wa jikoni ni mianzi. Akatokea na kisu cha kukatia keki mkononi, nami nikasimama haraka, lakini akakiweka juu ya meza.

"Yuko wapi?" akauliza.

Basuni hakuinua kichwa.

"Sikuulizi mlimfanya nini. Nakuuliza yuko wapi."

24 Januari

Tumekwenda asubuhi, mvua kubwa, hakuna mtu nje. Basuni mbele, kisha Kiai, sisi wanawake nyuma. Ni kwenye msitu wa misaji, si mbali na barabara. Basuni alisimama karibu na mti mmoja akaonyesha kwa kidevu. Kuna wengine pamoja naye hapo. Basuni hakujua majina yao.

Sulastri alichuchumaa akaweka kiganja kwenye udongo. Alikaa hivyo. Hatukumharakisha.

Kiai akasimama mbele kuelekea kibla. Sisi tukajipanga nyuma. Basuni alibaki kule kwenye mti.

"Njoo safuni," Kiai akamwita.

"Sina udhu, shemeji."

Maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika usoni mwake, na anasema hana udhu. Mimi nilikuwa na birika. Nikamtazama Sulastri, maana halikuwa jambo langu kuamua.

Alijifuta udongo viganjani. "Mmiminie," akasema. "Aswali. Darmaji hakumzuia mtu." Kisha akatoka safuni, akamwendea Basuni karibu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Lakini usidhani ukimaliza hapa tumemalizana. Mimi niko hai. Utakuja Idi ijayo uniulize. Na ile nyingine. Nitakujibu nitakavyojisikia siku hiyo."

"Na ukikataa kila mwaka?"

"Utakuja kila mwaka."

Basuni akatikisa kichwa kukubali, kisha akakunja mikono ya shati. Nikammiminia. Hakukinga mikono vizuri, maji yakaanguka yote chini kabla hayajafika kiwikoni, ikabidi nianze upya. Kiai alikuwa anatungoja.